Mcheza Kwao Hutuzwa na Nani?

Kazi ya mwanamuziki wa baa huanza kwa kubeba mizigo. Alasiri, wateja wa kwanza wakiwa bado kwenye supu na soda, vijana wa bendi ya Dar es Salaam hushusha spika kutoka kwenye kirikuu, hutandaza nyaya, hukaza ngozi za tumba na kujaribu maiki moja baada ya nyingine. Katika mji mdogo wa Uingereza, mpiga gitaa aliyetoka kwenye ajira yake ya mchana hufungua buti ya gari na kupitisha amplifaya yake kwenye mlango wa nyuma wa pabu. Na huko Kaunti ya Clare, Ayalandi, mwanamke huingia pabu akiwa na fidla ndani ya kasha, basi. Hana waya wala spika, na kiti chake kipo kwenye meza ya kona.

Wote hawa wana kazi moja. Wanapiga muziki mbele ya watu wanaokunywa, karibu na nyumbani, wiki baada ya wiki, na wengi wao hawatakuwa mastaa. Lakini muziki wanaoutoa haufanani, na mila peke yake haitoshi kueleza tofauti hiyo. Hoja yangu ni kwamba njia ambayo fedha hupita kutoka mfukoni mwa mteja hadi mfukoni mwa mwanamuziki huamua mengi tunayodhani ni ladha tu: urefu wa wimbo, ukubwa wa bendi, na hata kama usiku huo kutakuwa na wimbo mpya. Anayetaka kuelewa muziki wa baa aanze kwa kuuliza vyombo ni vya nani, nani amelipa, na amelipia nini.

Vyombo ni vya nani?

Bendi za mwanzo za Tanganyika zilikuwa vilabu vya watu. Dar es Salaam Jazz Band ya mwaka 1932 na Morogoro Jazz Band ya mwaka 1944 zilitokana na wakazi wa mji waliojiunga, wakapata vyombo, wakaandaa dansi. Baada ya Uhuru mzigo huo uliingia mikononi mwa taasisi. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake. Umoja wa vijana wa TANU ukafuata na Vijana Jazz mwaka 1971. Jeshi la Wananchi likawa na Mwenge Jazz, JKT ikawa na Kimulimuli, polisi wakawa na Polisi Jazz. Mlimani Park Orchestra ilipoanza mwaka 1978 ilikuwa chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, kisha mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lililokuwa na kumbi na baa zake. Mpiga solo alikuwa mwajiriwa wa shirika, na mwisho wa mwezi alipokea mshahara pamoja na makarani na madereva.

Mpangilio huo ulikuwa na sababu nzito. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na gitaa la umeme, seti ya ngoma au saksafoni havikuwa vitu ambavyo kijana wa Ilala angeweza kujinunulia. Mwenye vyombo akawa ndiye mwenye bendi. Jina lilibaki kwake hata wapigaji wakiondoka, na lilibadilika alipobadilika yeye: bendi ya NUTA ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, kila chama cha wafanyakazi kilipovaa jina jipya, hadi leo ambapo watu wanaijua zaidi kwa jina la Msondo Ngoma. Mwanamuziki asiye na chombo alikuwa na silaha moja tu, nayo ni miguu yake. Muhidin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, sauti zilizojenga bendi ya wafanyakazi, walihamia Mlimani Park katika siku zake za mwanzo. Mwaka 1985 International Orchestra Safari Sound ikawavuta tena, wao na wenzao kadhaa. Mashabiki waliona usaliti. Mimi naona mgomo wa watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kudai malipo bora.

Uingereza mambo yalikwenda kinyume. Vilabu vya wafanyakazi, ambavyo umoja wao uliundwa mwaka 1862, viliwahi kuweka mpiga kinanda na mpiga ngoma wa nyumbani. Lakini kwenye pabu ya kawaida mwanamuziki huja na kila kitu: gitaa, amplifaya, mikseri, taa, na mara nyingi deni lililonunua hivyo vyote. Hakuna shirika linalomtuma wala linalomfukuza. Uhuru huo una bei yake. Bendi ikigawana malipo ya usiku, baada ya mafuta ya gari na nyuzi zilizokatika, kila kichwa kinachoongezeka jukwaani kinapunguza fungu la wenzake. Ndiyo maana bendi ya pabu ina watu wanne, au watatu, au wawili. Bendi ya Dar ya miaka ya themanini ilijaza jukwaa: solo, solo la pili, ridhimu, besi, tumba, ngoma, saksafoni, tarumbeta, na waimbaji wanaopokezana beti. Mwenye baa mmoja hangeweza kuwalipa wote hao. Taasisi iliweza, na masikio yetu yakazoea utajiri huo hata tukasahau kwamba ulikuwa na mlipaji.

Mlangoni na kaunta

Mlipaji wa pili alikuwa mpenzi wa muziki mwenyewe, na alilipia mlangoni. Utaratibu uliozoeleka katika baa na kumbi za Dar es Salaam ulikuwa wazi: kiingilio ni cha bendi, vinywaji ni vya mwenye ukumbi. Anayelipa mlangoni anaifuata bendi fulani, na Jumamosi ijayo anaweza kulipa kwingine. Kwa hiyo bendi ililazimika kumpa sababu ya kurudi. Hapo ndipo ulipozaliwa ushindani wa mitindo, Sikinde ya Mlimani Park kwa Msondo ya JUWATA, na hapo ndipo ulipotoka msukumo wa kutunga bila kukoma. Wimbo ulianza taratibu, ukasimulia kisa cha ndoa, cha jirani au cha fitina kazini, watu wakasikiliza kwa makini. Kisha gitaa likabadilisha mwendo, chemko likaingia, na watu wakacheza kwa muda ambao haungeenea kwenye upande mmoja wa sahani ya santuri. Mwenye kiingilio chake alitaka vyote viwili, kisa na jasho.

Kwenye pabu ya Kiingereza mlango kwa kawaida uko wazi. Mwenye pabu huahidi kiasi fulani cha fedha na kukitoa kwenye mauzo ya bia. Hapo mteja hajalipia muziki hata kidogo. Amekuja kumwona rafiki, kuangalia mpira, kula chakula cha Ijumaa, na bendi imemkuta humo. Mwenye pabu anaupima muziki kwa sanduku la fedha: je, watu wamebaki, na waliobaki wameagiza tena? Kwa kipimo hicho wimbo anaoujua kila mtu unashinda wimbo mpya, na vipindi viwili vya dakika arobaini na tano vyenye mapumziko katikati vinafaa kuliko usiku mmoja mrefu, kwa kuwa wakati wa mapumziko watu huenda kaunta. Bendi za kopi zilizojaa pabu za Uingereza hazitokani na uvivu wa kutunga. Zinatokana na hesabu ya mtu anayelipwa na kaunta.

Na hata kwenye hesabu hiyo ngumu kuna waliopenya. Mwaka 1971 bendi ya Wamarekani, Eggs over Easy, ilipata nafasi kwenye pabu ya Tally Ho, Kentish Town, kaskazini mwa London, mahali palipokuwa pa jazi. Walipiga nyimbo zao pamoja na za wengine, kwa sauti ya kawaida, karibu na meza. Wakafuatwa na Brinsley Schwarz, Bees Make Honey, Ducks Deluxe, na Kilburn and the High Roads ya Ian Dury. Hope and Anchor ya Islington ikawa na jina kote mjini. Dr. Feelgood walitoka Canvey Island, Essex, wakaijua kazi ya pabu hadi mifupani, na mwaka 1976 albamu yao ya moja kwa moja jukwaani, Stupidity, ikashika namba moja Uingereza. Mwaka huohuo kampuni ya Stiff Records ilianzishwa kwa mkopo wa pauni 400 kutoka kwa mwimbaji wao, Lee Brilleaux. Fedha ya mtu wa pabu ilifungua mlango kwa wengine waliotoka kwenye pabu hizohizo, na santuri ya kwanza ya Stiff ilikuwa ya Nick Lowe, aliyetoka Brinsley Schwarz.

Dar es Salaam haikuwa na Stiff yake. Radio Tanzania ndiyo iliyorekodi bendi zetu, ikazifikisha kila kijiji chenye redio, na kwa hilo inastahili shukrani ya taifa. Lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, na aliyetaka sahani yake sokoni ilimbidi avuke mpaka kwenda Nairobi. Ndugu wa Kinyonga walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakafika Kenya mwaka 1971 na kuunda Simba Wanyika, na kutoka humo ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Waliobaki walisikika mchana kutwa redioni huku mapato yao yakiendelea kutegemea usiku.

Duara la kona

Mila ya tatu inavuruga hesabu zote mbili, na ndiyo maana inafaa kuwekwa kando yake. Katika pabu ya Ayalandi wanamuziki hukaa wakizunguka meza, wakitazamana. Mgongo wa mpiga filimbi unaweza kuwa kwa wateja usiku mzima na hakuna anayeona dharau. Hakuna jukwaa. Mara nyingi hakuna maiki. Fidla, filimbi, konsatina na kodiani hupiga lahani moja kwa pamoja, ngoma ya mkononi iitwayo bodhrán ikishika mapigo, kila lahani hurudiwa mara mbili tatu, kisha huunganishwa na nyingine bila kusimama. Anayeijua anaingia. Asiyeijua anasubiri. Adabu haziandikwi popote, lakini mpiga bodhrán wa pili akikaa bila kutazama kama yupo wa kwanza, uso wa kila mtu utamwambia.

Malipo yake nayo ni ya namna ya pekee. Mwenye pabu huwalipa watu wawili au watatu ili wawepo saa fulani na kushikilia duara. Wengine wanakuja kwa hiari, na huenda wakapewa kinywaji. Kinacholipiwa hapo ni kuwepo, yaani uhakika kwamba Jumatano usiku, mvua ikinyesha au isinyeshe, moto wa lahani utakuwa umewashwa na mgeni atapata pa kukaa. Kwa kuwa hakuna anayeuza wimbo, hakuna haja ya kushindana kwa nyimbo mpya. Kuna haja ya hazina ya pamoja inayomruhusu mtu wa Cork kukaa na mtu wa Donegal na kupiga kwa saa tatu bila mazoezi.

Hata duara hili, linaloonekana la kale, lilisukwa na sheria na uhamiaji. Zamani dansi za vijijini Ayalandi zilifanyika majumbani na njia panda. Sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935 ilidai kibali kwa dansi za hadhara, na ilipotekelezwa kwa ukali muziki ulisukumwa kwenye kumbi zilizosimamiwa, nyingi chini ya macho ya mapadri. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, maelfu walihamia London kufanya kazi za ujenzi. Vyumba vyao vya kupanga havikuwa na nafasi ya kupigia fidla, kwa hiyo walikutana kwenye pabu za Camden Town, Holloway na Kentish Town, mtaa uleule ambako Tally Ho ingekuja kusikika. Kufikia miaka ya sitini mtindo huo ulikuwa umeshamiri Ayalandi kwenyewe, na mwaka 1962 The Dubliners walichipuka kutoka kwenye pabu ya O'Donoghue's, Dublin. Mhamiaji asiye na sebule aliigeuza pabu kuwa sebule yake, na taifa zima likarithi.

Saa, kibali na watu wawili

Sheria imeingia hadi ndani ya wimbo. Kwa miongo mingi pabu za Uingereza zilifunga kaunta saa tano usiku, na bendi ilijifunza kupanga kila kitu kifikie kilele kabla ya hapo. Dansi ya Dar es Salaam ilianza polepole, wapigaji wakipasha vyombo moto mbele ya viti vitupu, ikakolea kwenye saa sita, na majogoo wakaikuta bado iko hewani. Mwandishi wa Kiingereza angesema bendi zetu zinarefusha nyimbo, na shabiki wa Sikinde angesema bendi za Kiingereza zinakata utamu. Wote wawili wangekuwa wanazungumzia saa ya ukutani.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Uingereza na Wales. Hadi Novemba 2005 pabu haikuhitaji kibali cha burudani iwapo wanamuziki hawakuzidi wawili. Wa tatu akipanda, mwenye pabu alihitaji kibali na gharama zake. Fikiria ni mapacha wangapi wa gitaa na sauti waliozaliwa na kifungu hicho, na ni wapiga besi wangapi waliobaki nyumbani. Sheria mpya iliyofuata ilifuta ruhusa ya wawili na kudai kibali kwa karibu muziki wote wa jukwaani. Malalamiko yakawa makubwa, na mwaka 2012 Bunge likapitisha Sheria ya Muziki wa Jukwaani iliyoziondolea baa ndogo, zenye hadhira isiyozidi watu 200, mzigo huo kati ya saa mbili asubuhi na saa tano usiku. Ushindi huo haukudondoka kutoka mbinguni. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kipo tangu mwaka 1893, na kilisukuma suala hilo kwa miaka mingi.

Ugomvi wa sasa ni wa kelele. Mji unakua, magorofa yanajengwa kando ya baa, na mkazi mpya analalamikia ngoma zilizokuwepo kabla yake. Mwaka 2018 sera ya mipango miji ya Uingereza ilikubali kanuni kwamba anayejenga makazi karibu na ukumbi uliopo ndiye mwenye jukumu la kujikinga na sauti, kanuni iliyopiganiwa na shirika la Music Venue Trust lililoanzishwa mwaka 2014. Dar es Salaam ina ugomvi huohuo, na baraza la taifa la mazingira, NEMC, limeshazifungia baa na kumbi kwa kelele. Haki ya mtu kulala ni ya kweli. Lakini swali la nani alitangulia linastahili kuulizwa Sinza kama linavyoulizwa London.

Kinywaji chako ndicho kiingilio

Mabango ya Dar es Salaam yanaonyesha kwamba mila hizi zimeanza kukutana. Tangu biashara ilipofunguliwa katika miaka ya themanini na tisini, taasisi ziliziacha bendi zijitegemee au zife. Disko, televisheni, na baadaye bongo fleva vikagawana wateja. Kiingilio kikawa kigumu kutozwa, na bango likabadilika: kiingilio kinywaji chako. Mteja anafurahi na baa inajaa. Lakini kwa maneno hayo matatu bendi imehamishwa kutoka mlangoni hadi kaunta. Sasa inalipwa na mwenye baa kutokana na mauzo, sawasawa na wenzake wa Manchester, na matokeo ni yaleyale. Bendi imepungua watu, kinanda kimechukua nafasi ya saksafoni, na nyimbo za zamani zinazojulikana zinaombwa kuliko mpya. Vijana wenye vipaji vikubwa wanapiga kopi za kina Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu kwa ustadi unaosisimua, na nyimbo zao wenyewe zinabaki kwenye simu.

Nairobi ilifika huko mapema. Katika baa za Nairobi na za Kenya ya Kati, muziki wa mugithi ulishika kasi kwa mtindo wa mtu mmoja na gitaa lake, akisaidiwa na midundo ya kinanda. Mike Rua na Salim Junior walijenga majina kwa kuunganisha nyimbo za Kikuyu za vizazi vilivyotangulia bila kupumua, huku wateja wakishikana mabega na kuzunguka ukumbi kwa mstari mmoja kama mabehewa ya treni. Mwenye baa anamlipa mtu mmoja badala ya kumi. Uingereza nako mwimbaji mwenye gitaa na midundo iliyorekodiwa ndiye anayepata kazi nyingi kuliko bendi. Nampenda mwanamuziki wa namna hiyo, kwa sababu anabeba usiku mzima mabegani mwake. Ila ni lazima tuseme pia kwamba upweke wake jukwaani ni uamuzi wa kiuchumi uliofanywa na mtu mwingine.

Afrika ya Mashariki na Kongo zina mlango mmoja ambao pabu ya Kiingereza haina, nao ni kutuza. Kwenye taarabu ya Zanzibar na Mombasa, msikilizaji huinuka, hucheza hadi kwa mwimbaji na kumpa fedha mbele ya kadamnasi. Wakati mwingine ubeti umemgusa, wakati mwingine anamjibu mtu aliyekaa meza ya pili. Kinshasa, ambako OK Jazz ya Franco ilipata jina lake mwaka 1956 kutoka O.K. Bar ilimokuwa ikipiga, kutaja majina ya watu ndani ya nyimbo kulikua hadi kuwa biashara kamili. Desturi hiyo iliziambukiza pia bendi za Dar es Salaam, na matajiri waitwao mapedeshee wakasikia majina yao kwenye spika. Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa, na tuzo ina uzuri wake: fedha inatoka moja kwa moja kwa aliyeguswa hadi kwa aliyemgusa. Udhaifu wake ni kwamba inamfuata anayeimba mbele. Mpiga besi aliyeshikilia wimbo mzima nyuma ya spika haioni, na tajiri mmoja mwenye noti nyingi anaweza kuugeuza usiku wa watu wote kuwa sherehe ya jina lake.

Ufundi usio na jina

Mila zote hizi zinadai ufundi ambao studio haiufundishi. Mpigaji wa deiwaka anapigiwa simu mchana kwamba mwenzake anaumwa, na usiku anasimama katikati ya bendi ambayo hajafanya nayo mazoezi. Anatazama vidole vya mpiga ridhimu, anasikia mabadiliko kabla hayajafika, na wateja hawajui kama ni mgeni. Uingereza watu wa namna hiyo wanaishi kwa simu zao, Jumamosi hii kwenye harusi, ijayo kwenye pabu. Kwenye duara la Ayalandi ufundi ni kuijua lahani ya mtu mwingine kwa kusikia mapigo yake ya kwanza. Kusoma ukumbi, kujua lini uteremshe sauti kwa sababu meza ya mbele inagombana, lini urefushe chemko kwa sababu watu wamefunguka, hiyo ni elimu kamili. Asiyefika kwenye chati ameifuzu kama aliyefika.

Mila hizi zinafanana pia katika dosari moja kubwa. Kwa muda mrefu zimewapa wanawake nafasi finyu nje ya taarabu. Kida Waziri wa Vijana Jazz na Tabia Mwanjelwa wa Maquis du Zaire walisimama mbele ya bendi za wanaume na kuziinua, na bado wanawake wapiga vyombo walibaki wachache mno. Kazi inayoisha alfajiri, bila usafiri wa uhakika, kati ya wateja waliolewa, ina gharama kwa mwanamke ambayo hakuna mwenye baa anayeihesabu kwenye malipo. Usafiri wa kurudi nyumbani ungekuwa sehemu ya mkataba, tungesikia magitaa mengi zaidi mikononi mwa wanawake.

Tulipie nini?

Sheria zetu zinamjua mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 iliunda COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki. Uingereza chama cha kukusanya mirabaha, PRS, kipo tangu mwaka 1914, na mtunzi anayepiga nyimbo zake mwenyewe kwenye pabu anaweza kuwasilisha orodha ya alizopiga na kulipwa. Utaratibu huo ni mwema, na tungeufuata kwa bidii ungempa mwanamuziki wa baa sababu ya kuweka wimbo wake kati ya kopi kumi. Lakini mirabaha inamlipa aliyetunga. Mpiga tumba aliyeupa wimbo mwendo kwa miaka ishirini haimhusu. Yeye anaishi kwa usiku, na usiku hauna sheria inayoulinda.

Sitamani kurudi kwenye enzi ya mashirika. Mshahara ulikuwa mdogo, nyimbo za kusifu sera zilikuwa sehemu ya kazi, na vyombo havikuwa vya aliyevipiga. Ushahidi mchungu ulionekana mwaka 1993, Shikamoo Jazz ilipoundwa na wanamuziki wakongwe kwa msaada wa shirika la wazee la HelpAge. Watu waliokuwa wameliimbisha taifa kwa miongo mitatu walihitaji hisani ili wasimame tena jukwaani. Lakini enzi ile ilikuwa na wazo moja sahihi: mwanamuziki alilipwa kwa kazi yake ya kila siku, si kwa bahati ya wimbo mmoja kupendwa.

Wazo hilo linaweza kuishi bila shirika la umma. Ayalandi inaonyesha kwamba mwenye baa mdogo anaweza kulipia kuwepo kwa watu wawili kila wiki, na baa yake ikapata roho ambayo spika ya ukutani haiwezi kuipa. Uingereza inaonyesha kwamba wapigaji wakiungana, hata kifungu cha sheria kinasogea. Dar es Salaam inaonyesha kwamba watu wakilipia muziki wenyewe mlangoni, bendi inatunga. Tukiviunganisha vitatu hivyo, baa inayotangaza kinywaji chako ndicho kiingilio ingeandika pia fungu la kila chupa linalokwenda kwa bendi. Ingeipa bendi usiku wake maalumu wa nyimbo zake. Na kiongozi wa bendi angehakikisha kila mpigaji ameandikishwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ambao unawapokea waliojiajiri, ili uzee usimkute na mikono mitupu. Wimbo uliorekodiwa unaweza kumsubiri mlipaji wake kwa miaka. Usiku uliopigwa hauwezi kusubiri. Ulipwe usiku huohuo, kwa bei iliyokubaliwa kabla ya wimbo wa kwanza, na ulipwe kwa kila aliyeupiga.